Ndoa ya Ujiji kwenye faili la Uingereza: viza ya mwenzi na karatasi zinazoiangusha

Ofisa wa uhamiaji wa Uingereza anayeamua kama mwanamke wa Ujiji atamfuata mumewe Leicester, kwa kawaida hamwoni mwanamke huyo. Ni nadra kumwita kwenye usaili, na Kigoma hafiki. Anachokiona ni faili la kidijitali: cheti cha ndoa, slipu za mshahara, taarifa za benki, picha, barua. Ndiyo maana ndoa ya kweli kabisa, iliyoshuhudiwa na nusu ya mtaa wa Kasingirima, huweza kukataliwa, kwa sababu karatasi zake hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe.

Watu wengi wanaamini kazi yote ipo upande wa aliye Uingereza: awe na hela, alipe ada, basi. Hela ni sharti gumu, kweli. Lakini sehemu kubwa ya faili hutengenezwa hapa: kwa Mkuu wa Wilaya, kwa sheikh au padri, RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa), mahakamani, Uhamiaji. Kosa la hapa haliwezi kurekebishwa na mshahara wa kule. Kwa hiyo tutakaa zaidi upande huu wa ziwa.

Nani anaweza kumdhamini mwenzi

Viza ya mwenzi ni ya mke, mume au mchumba wa mtu ambaye ni raia wa Uingereza au Ireland, mwenye ukaazi wa kudumu, mwenye hadhi ya ukimbizi iliyokubaliwa, au mtu wa Ulaya mwenye hadhi ya mpango wa makazi wa raia wa Ulaya (EU Settlement Scheme). Pande zote mbili ziwe zimetimiza miaka 18, na ziwe zimeshakutana ana kwa ana. Nikaha iliyosomwa kwa simu kati ya watu ambao hawajawahi kuonana inaangukia hapo hapo, hata kama mahari ilitolewa na mashahidi walikaa.

Mwenye viza ya kazi au ya masomo hayumo kwenye njia hii. Yeye huita familia kama wategemezi, na mlango huo umebanwa sana: tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wapya hawaruhusiwi kuleta wategemezi, isipokuwa walio kwenye shahada za utafiti, na tangu 11 Machi 2024 wahudumu wapya wa kutunza wazee na wagonjwa nao hawaruhusiwi. Binti wa Gungu anayeambiwa na mchumba wake, "Nikifika tu nitakuita," aulize kwanza: umekwenda kwa viza gani?

Kwa familia zenye ndugu kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nduta kuna jambo la kujua. Mkimbizi aliyepokelewa Uingereza alikuwa na njia yake ya kuunganisha familia, isiyo na ada wala kipimo cha kipato. Septemba 2025 njia hiyo ilisimamishwa kwa maombi mapya, na watu wakaelekezwa kwenye viza ya mwenzi ya kawaida, pamoja na masharti yake yote ya fedha.

Cheti cha ndoa: kilichoandikwa, na aliyekiandika

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kiserikali, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya kimila. Zote ni ndoa. Mbele ya ofisa wa viza, hata hivyo, ndoa ni ile yenye cheti kinachoweza kuhakikiwa kwenye rejesta ya serikali. Sheria inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulisema. Hapo ndipo mwenye likizo ya wiki mbili hujikwaa. Anatua Kigoma Jumatatu na anataka ndoa Ijumaa. Ulizeni msajili mapema kama aliyeko Kigoma anaweza kuipeleka taarifa kabla mwenzake hajapanda ndege. Ikishindikana kabisa, kuna leseni maalum inayoombwa kupitia RITA. Kinachofanyika badala yake mara nyingi ni kumwomba kiongozi wa dini "afupishe", na tarehe za kwenye kitabu zinaanza kupindishwa. Tarehe iliyopindishwa huwa haibaki siri, kwa sababu pasipoti ya bwana harusi ina muhuri wa siku aliyoingia nchini.

Suala la pili ni leseni. Si kila sheikh, mchungaji au padri anaruhusiwa kufungisha ndoa kisheria. Awe amepewa leseni na awe na kitabu cha vyeti cha serikali. Nikaha ikisomwa na mzee anayeheshimika lakini asiye na leseni, familia inabaki na karatasi nzuri yenye mhuri wa msikiti ambayo haipo kwenye rejesta yoyote. Uliza kabla, bila aibu: "Sheikh, kitabu cha serikali unacho?" Ndoa ikishafungwa, fuatilia hadi nakala ifike kwa msajili, kisha omba RITA ihakiki cheti hicho mapema. Uhakiki ukichelewa ndani ya mfumo, ni bora uchelewe kabla ya kulipa ada ya viza kuliko baada ya kulipa.

Ndoa ya kimila inatakiwa isajiliwe ndani ya siku 30 baada ya kufungwa. Wengi wa vijijini, kuanzia Kalinzi hadi Uvinza, hawaisajili. Mahari ikitolewa na wazee wakila, imekwisha. Kuna pia wanaotegemea kifungu cha 160 cha sheria hiyo, kwamba walioishi pamoja miaka miwili na kupata sifa ya mke na mume huchukuliwa kuwa wameoana. Hiyo ni dhana ambayo mahakama inaweza kuikubali au kuikanusha, na haitoi cheti. Walio katika hali hiyo wana njia mbili: wafunge ndoa rasmi sasa, au waombe kama wenzi wasiooana, ambapo wanatakiwa kuthibitisha uhusiano unaofanana na ndoa wa angalau miaka miwili. Njia ya kwanza ni nyepesi zaidi. Kwenda bomani kwa Mkuu wa Wilaya hakuifuti ndoa ya kimila mliyofanya. Kunaipa karatasi tu.

Wake wengi, na talaka ambayo haijafika mahakamani

Hapa ndipo ndoa nyingi za Kiislamu za Kigoma na Tabora huhojiwa, kwa hiyo tuende polepole.

Kwa sheria yetu, ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyingine zote huchukuliwa kuwa za mke mmoja. Mume mwenye mke mmoja tu asihofu kwa sababu hiyo: Uingereza inakubali ndoa ambayo kwa asili yake ingeweza kuwa ya wake wengi, ilimradi hakuna mke wa pili kweli. Tatizo linaanza pale mume aliyehamia Uingereza moja kwa moja na mwenye mke kule anapokuja kuoa wa pili Ujiji. Tanzania ndoa hiyo inaweza kuwa halali. Kwa sheria ya Uingereza mtu ambaye makazi yake ya kudumu ni kule hawezi kuoa mke wa pili popote duniani, na ndoa hiyo ni batili toka siku ya kwanza. Hakuna barua ya maelezo inayoweza kuiponya.

Njia wanayoikimbilia ni talaka, na hapa kuna mkanganyiko ambao hata watu waliosoma huupata. Mume ametamka talaka, eda imekwisha, kuna karatasi ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au ya sheikh, kila mtu mtaani anajua wameachana. Kidini jambo limekwisha. Lakini Sheria ya Ndoa inataka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa linatoa hati ya kushindwa. Kisha mahakama inaridhika kwamba talaka imetolewa kwa taratibu za Kiislamu na inatoa hukumu ya kuvunja ndoa. Bila hukumu hiyo, kwenye karatasi mke bado ana mume wa kwanza, na ndoa ya pili inakuwa ya mashaka. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mashauri haya, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda mbali. Kinachohitajika ni subira, na kuanza mapema.

Aliye Uingereza naye asitamke talaka kwa simu akidhani amemaliza. Talaka isiyopitia mahakama au chombo cha namna hiyo haitambuliwi kule ikiwa mmoja wao alikuwa anaishi Uingereza mwaka mzima uliotangulia. Aende mahakama za huko. Na aliyefiwa aweke cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi.

Herufi moja

Kigoma herufi za R na L hubadilishana zamu, na makarani huandika wanachosikia. Lukia kwenye cheti cha kuzaliwa, Rukia kwenye kitambulisho cha NIDA, Rukiya kwenye cheti cha ndoa. Ongeza utaratibu wa majina matatu, ambapo shule iliandika jina la babu na hospitali ikaandika la ukoo, na unapata mwombaji mmoja mwenye majina manne. Kwa ofisa aliye Sheffield hao ni watu wanne mpaka aelezwe vinginevyo.

Anza na pasipoti, kwa sababu ndiyo jina litakalosafiri. Pasipoti ya kielektroniki, inayotolewa tangu mwaka 2018 kwa ada ya shilingi 150,000, huombwa mtandaoni na kukamilishwa ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Inataka cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, kitambulisho cha taifa na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Wakazi wa mikoa ya mpakani wanajua kwamba kipengele hiki cha mwisho huulizwa kwa makini zaidi kwao. Mtu ambaye mama yake alizaliwa kijijini mwaka 1958 bila cheti ajipe miezi, na aanze na usajili wa wazazi.

Tofauti ndogo ya tahajia inaweza kuelezwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kilicho bora kuliko vyote ni kuifanya pasipoti, NIDA na cheti cha kuzaliwa vikubaliane kabla ya siku ya ndoa, kisha kusimama juu ya bega la anayejaza cheti cha ndoa na kumsomea herufi kwa herufi kutoka kwenye pasipoti. Ni dakika tano. Na bibi harusi anayetaka kuchukua jina la mume asibadilishe pasipoti katikati ya maombi.

Nyaraka yoyote iliyo kwa Kiswahili pekee itafsiriwe kwa Kiingereza. Tafsiri iwe na tamko la mtafsiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Tafsiri aliyoifanya mume mwenyewe haihesabiki.

Pauni 29,000

Tangu 11 Aprili 2024 mdhamini anatakiwa kuwa na kipato cha angalau pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kabla ya hapo, tangu 2012, ilikuwa 18,600, na ndiyo namba ambayo bado inazunguka vijiweni. Walioingia kwenye njia hii kabla ya tarehe hiyo wanaendelea na kiwango cha zamani kwa mwenzi yule yule. Wapya wote ni 29,000, na siku hizi hakuna nyongeza kwa ajili ya watoto.

Kwa mwezi hiyo ni takribani pauni 2,417 kabla ya makato. Mwajiriwa aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita anaonyesha slipu za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zikionyesha kila mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri yenye cheo, mshahara, aina ya mkataba na muda aliofanya kazi. Kwa mwenye mshahara usiohesabiwa kwa saa huangaliwa kiwango cha chini kabisa cha mshahara ndani ya miezi hiyo sita. Mtu aliyepandishwa kutoka 27,000 hadi 30,000 miezi miwili iliyopita bado anasomeka kama mtu wa 27,000. Anayelipwa kwa saa huchukuliwa wastani, na hapo zamu za ziada husaidia. Aliyehama kazi ndani ya miezi sita anaweza kutumia njia nyingine inayoangalia pia kipato cha miezi 12 iliyopita. Aliyejiajiri hutumia mwaka kamili wa kodi wa Uingereza, unaokwisha 5 Aprili, pamoja na nyaraka za mamlaka ya mapato. Akikosea wakati, atangoja mwaka mwingine ufungwe.

Faili nyingi huanguka kwa jambo dogo: slipu inasema pauni 1,980 baada ya makato na benki inaonyesha 1,700, kwa kuwa mwajiri alitoa salio mkononi. Kiasi kisichoonekana benki hakipo. Kosa jingine ni tarehe. Nyaraka za fedha ziwe za karibuni, za mwisho zisizidi siku 28 nyuma ya siku ya kutuma ombi. Mtu aliyekusanya taarifa za benki Machi akatuma ombi Juni ametuma karatasi zilizochacha.

Duka la mke pale Mwanga, hata likiwa linauza vizuri kuliko mshahara wa mume, halihesabiwi, kwa sababu mapato ya kazi ya mwombaji aliye nje hayachukuliwi. Mjomba wa Birmingham anayesema "nitawasaidia" naye hahesabiwi katika hali ya kawaida. Akiba inahesabiwa, ila kwa fomyula kali: pauni 16,000 za kwanza hazina thamani yoyote, na zinazozidi hapo hugawanywa kwa 2.5. Asiye na kipato kabisa anahitaji pauni 88,500 zilizokaa miezi sita mikononi mwa wanandoa. Mwenye mshahara wa 27,000 aliyepungukiwa na 2,000 anahitaji 16,000 jumlisha 5,000, yaani 21,000. Kiwanja cha Kibirizi si akiba mpaka kiuzwe na fedha ionekane benki. Hapo, kwa uthibitisho wa mauzo na wa umiliki wa miezi sita kabla, inaweza kuingia.

Mdhamini anayepokea baadhi ya posho za ulemavu au ya kumtunza mlemavu hapimwi kwa 29,000, bali kwa kipimo chepesi cha kumudu maisha. Kuna watu wenye haki hiyo wanaokata tamaa bila kujua.

Makazi ni rahisi kidogo: nyumba au chumba chao wenyewe ndani ya nyumba, kisichosongamana kwa viwango vya huko, na barua ya mwenye nyumba kama ni ya kupanga.

Safari ya Dar es Salaam

Kigoma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati, na mambo matatu yanamlazimisha mwombaji kufika huko: mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu na alama za vidole. Anayeyapanga vibaya husafiri mara tatu.

Kiingereza kinachotakiwa mwanzoni ni ngazi ya A1, kuongea na kusikiliza tu: kujitambulisha, kuuliza bei, kueleza familia. Aliyemaliza kidato cha nne na kufanya mazoezi ya wiki chache huupita. Kosa ni kujisajili mtihani usio wenyewe. Lazima uwe ule ulioidhinishwa kwa ajili ya viza, kama IELTS Life Skills A1. IELTS ya kawaida ya kuombea chuo, hata ukipata alama za juu, haikubaliwi isipofanywa katika muundo na kituo kilichoidhinishwa kwa viza. Cheti hudumu miaka miwili, kwa hiyo ufanye mapema. Mwenye shahada ya chuo kikuu iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuukwepa kwa kupata uthibitisho wa taasisi iitwayo Ecctis kwamba shahada yake ina hadhi ya ile ya Uingereza na ilitolewa kwa Kiingereza. Cheti cha kidato cha sita hakifanyi kazi hiyo, wala hoja kwamba Tanzania ilitawaliwa na Mwingereza.

Kifua kikuu hupimwa kwa kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza tu. Picha ya eksirei kutoka hospitali ya Maweni, hata ikiwa safi kama maji ya Ziwa Tanganyika, haitumiki. Cheti hudumu miezi sita. Eksirei ikiwa na kivuli, daktari huchukua makohozi na kuyaotesha, na majibu huchukua takribani miezi miwili. Aliyewahi kuugua TB aende na kadi yake ya matibabu ya zamani. Mjamzito aeleze hali yake kabla ya picha, kwani kuna utaratibu wa kumkinga au kusubiri.

Mpangilio unaofaa ni huu: mtihani mapema katika safari yoyote ile ya Dar, baadaye, mdhamini akishakamilisha miezi sita ya slipu, mwombaji anapima TB, cheti kikitoka fomu inatumwa mtandaoni, na miadi ya alama za vidole kwenye kituo cha maombi inachukuliwa siku chache mbele, akiwa bado kwa ndugu zake Tandika au Mbagala. Nyaraka hupakiwa mtandaoni kabla ya miadi. Skani ziwe safi, kurasa zote, na majina ya mafaili yanayoeleweka. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole ni njia ya kumkera msomaji wako.

Kuthibitisha kwamba mnapendana

Hakuna kipimo cha mapenzi. Kuna nyayo zake tu: mihuri ya safari, tiketi, miamala, mazungumzo, picha. Ofisa anatafuta mwendelezo. Picha 200 za siku ya harusi zina uzito mdogo kuliko picha 15 zilizosambaa miaka mitatu, kila moja ikiwa na tarehe na mstari mmoja wa maelezo: hapa ni kwa mama mkwe Buzebazeba, Idi ya mwaka fulani, aliyekaa kushoto ni kaka wa mume.

Miamala ya M-Pesa, Airtel Money na ya kampuni za kutuma fedha ni ushahidi mzuri, ilimradi jina la mpokeaji ni la mke. Kina mama wengi wa Kigoma hupokea kwa laini ya kaka au shangazi. Miaka minne ya matunzo inaonekana kama mume anamtunza shemeji yake. Sajili laini kwa jina lako sasa hivi.

Mazungumzo ya WhatsApp yachaguliwe: kurasa chache kwa kila miezi mitatu, zikionyesha maisha ya kawaida, ugonjwa wa mtoto, bei ya mchele, ugomvi mdogo. Kurasa 900 hazisomwi. Na yale ya faragha yaacheni nyumbani. Kwa kuwa usaili ni nadra, barua mbili fupi, moja ya kila mmoja, hueleza kinachoweza kushangaza: kwa nini mliishi pamoja siku 12 tu baada ya ndoa, kwa nini mnazidiana miaka 19, kwa nini wazazi wa upande mmoja hawakuhudhuria. Hoja isiyoelezwa hujazwa na dhana ya msomaji.

Ada, kusubiri, na jibu

Kwa viwango vya Aprili 2025, ada ya ombi kutoka nje ya Uingereza ilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna mchango wa huduma za afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya kwanza ni ya miezi 33 hutozwa miaka mitatu: 3,105. Jumla ilikuwa 5,043 kwa mtu mmoja, zaidi ya shilingi milioni 15, kabla ya nauli, mtihani na kipimo. Ada zina tabia ya kupanda kila Aprili, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali ya Uingereza siku ya kulipa. Ombi likikataliwa mchango wa afya hurudishwa, ada ya viza hairudi.

Lengo rasmi la majibu ni wiki 12. Kulipia huduma ya haraka kunasogeza faili mbele kwenye foleni. Hakulifanyi dhaifu kuwa imara. Anayedai ana mtu ndani anauza hewa. Uingereza washauri wa uhamiaji wanaolipwa wanasimamiwa kisheria, na mdhamini anaweza kukagua jina la mshauri kwenye orodha ya umma. Taarifa ya benki ya kughushi ikigundulika, mwombaji anaweza kufungiwa miaka 10, hata kama ameitengeneza wakala bila yeye kujua vizuri.

Jibu la kukataa huja na sababu, na zisomwe kwa makini kabla ya kulia. Kwa kawaida kuna haki ya kukata rufaa ndani ya siku 28 kwa aliye nje. Kama ofisa amekosea, kwa mfano hakuiona nyaraka iliyokuwepo, rufaa ina maana, japo inaweza kuchukua miezi mingi. Kama kweli slipu moja ilikosekana, ombi jipya lililokamilika mara nyingi hufika haraka zaidi, ingawa ada hulipwa upya.

Watoto waangaliwe mmoja mmoja. Baba aliyepata uraia wa Uingereza kwa tajinisi kabla mtoto hajazaliwa, na aliyemwoa mama yake, mtoto huyo aliyezaliwa Kigoma ni Mwingereza tayari; anahitaji pasipoti, wala si viza ya pauni elfu na ushee. Familia nyingi zimelipa ada hiyo bure. Baba akiwa na ukaazi wa kudumu tu, mtoto anaomba pamoja na mama. Mtoto wa mke kutoka uhusiano wa awali ni kazi nzito zaidi: lazima ionyeshwe kwamba mama peke yake ndiye anayebeba jukumu la malezi. Akilelewa na bibi huko Kasulu na baba yake akimlipia ada ya shule, jibu huelekea kuwa hapana, na karatasi ya baba kusema "naruhusu" haitoshi.

Viza ikitoka, saa imeanza. Kadi za ukaazi ziliondolewa mwishoni mwa 2024, na uthibitisho sasa ni eVisa, yaani viza ya kidijitali inayoonekana mtandaoni, hivyo mke afungue akaunti yake kwa barua pepe yake mwenyewe, isiwe ya mume. Ana ruhusa ya kufanya kazi, hana haki ya posho za serikali. Baada ya miezi 33 huongezwa 30 kwa ada mpya na Kiingereza cha A2, ngazi moja juu ya A1, kisha, akitimiza miezi 60, huomba ukaazi wa kudumu kwa B1, ngazi inayofuata, na mtihani wa maisha ya Uingereza. Ukijumlisha 33 na 30 unapata 63: miezi mitatu tu ya ziada. Miezi 60 huhesabiwa tangu kuingia Uingereza, si tangu viza kuanza. Mke anayebaki Kigoma miezi mitano baada ya viza kuanza, asubiri harusi ya mdogo wake na arobaini ya babu, atajikuta miaka mitano baadaye ruhusa inakwisha kabla miezi 60 haijatimia, na analazimika kulipia nyongeza ya pili, pamoja na mchango wa afya, kwa sababu ya hizo wiki chache.